Kwanza Tazama Vitundu

Ukiingia duka la vipodozi Kariakoo na kusema nywele zako zinakatika, hutaulizwa zinakatikia wapi, tangu lini, wala kama ngozi inawasha. Utaoneshwa chupa. Ipo ya mafuta ya nyonyo, ipo ya karafuu, ipo ya kitunguu, na ipo iliyochanganya vyote hivyo na picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni. Simlaumu sana muuzaji. Mnunuzi naye ameshaamua kwamba kupoteza nywele ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, na kazi iliyobaki ni kuipata. Kumbe ni magonjwa mengi. Mengine hupona yenyewe hata ukijipaka maji ya bomba. Mengine, yakishapita hatua fulani, hakuna hospitali duniani inayoweza kurudisha kilichokwenda.

Kwa hiyo kabla ya dawa, tafuta taa. Mwombe mtu unayemwamini awashe tochi ya simu, atenganishe nywele mahali palipopungua, aitazame ngozi kwa karibu. Kila unywele hutoka kwenye kitundu chake. Kama vitundu bado vinaonekana, hata vikiwa vitupu, shina lililo chini ya ngozi huenda bado ni zima na kuna cha kuokoa. Kama ngozi imekuwa laini, inang'aa, na vitundu vimefutika, hapo pameingia kovu, na shina lililogeuka kovu halioti tena. Huo ndio mgawanyo wa kwanza wanaoufanya madaktari wa ngozi, na ndio utakaoamua kama una miezi ya kusubiri au huna.

Mtu mzima ana nywele zipatazo 100,000 kichwani, pungufu kidogo kwa wengi wetu wenye nywele za kipilipili. Zinafanya kazi kama walinzi wa zamu: wengi wako lindoni, wachache wamelala. Unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, hupumzika takriban miezi mitatu, kisha hudondoka na shina lake huanza kuotesha mwingine. Kwa kuwa kila shina lina ratiba yake, mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku bila kichwa kupungua.

Sasa fikiria aliyesuka rasta na kukaa nazo wiki sita. Nywele zilizodondoka siku zote 42 hazikupata pa kwenda. Zimebaki zimefungwa ndani ya msuko. Siku ya kufumua zinatoka kwa mkupuo, kati ya 2,100 na 4,200, bonge la kujaza kiganja. Hapo ndipo watu hulia, hupiga picha, hutuma kwa dada zao. Bonge hilo peke yake halisemi lolote. Lingetisha kama lingetoka kwa siku mbili.

Linalosema jambo ni ncha ya unywele. Ukiona kijivimbe cheupe mwishoni, unywele huo umeng'oka kutoka kwenye shina. Ukiona vipande vifupi vya urefu tofauti, visivyo na kijivimbe, hizo ni nywele zilizokatika njiani, na lawama iende kwenye dawa ya kulainisha, pasi ya nywele, au chanuo lililopitishwa kwenye nywele kavu kwa haraka za asubuhi. Wanaosema nywele zao hazikui kabisa mara nyingi wako kundi hili. Zinakua, karibu sentimeta moja kwa mwezi, ila zinakatika kwa kasi ileile. Hao hawahitaji dawa ya kuotesha chochote. Wanahitaji kuzipumzisha nywele, kuziloweka na kuzichana polepole zikiwa na maji.

Ratiba ya shina huvurugika mwili unapopata mshtuko. Malaria kali, dengi, homa ya matumbo, upasuaji, kujifungua, kujinyima chakula ili kupunguza uzito haraka, msiba: lolote kati ya hayo laweza kuzipeleka nywele nyingi mapumzikoni kwa pamoja. Na kwa kuwa mapumziko huchukua miezi miwili hadi mitatu, mdondoko huja mgonjwa akiwa ameshapona na kusahau. Aliyeugua Uviko-19 mwezi Januari aliokota nywele kwenye mto mwezi Aprili, akamlaumu msusi wa Machi. Mama aliyejifungua huanza kunyonyoka mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, akaambiwa ni kunyonyesha, wakati sababu ni homoni za ujauzito zilizokuwa zimezishikilia nywele zake miezi yote ile na sasa zimeshuka. Nywele za namna hii hurudi zenyewe, kwa wengi ndani ya miezi sita hadi mwaka.

Hapa ndipo chupa za Kariakoo hupatia sifa zake. Mtu anakaa na mdondoko mwezi wa tatu, anahangaika mwezi wa nne, wa tano ananunua mafuta, wa sita anaona nywele changa pembeni mwa paji. Ushuhuda unaingia kwenye kundi la WhatsApp na picha mbili, kabla na baada. Picha ni za kweli. Mafuta ndiyo hayakufanya kitu. Sina ugomvi na anayependa harufu ya karafuu, ila ukitaka kujua kama dawa imekutibu, jiulize kwanza ulikuwa na hali gani, na je, ingeondoka bila dawa?

Mdondoko ukizidi miezi sita, acha kusubiri. Hapo ni vipimo vya damu: madini ya chuma, na hasa akiba yake mwilini, kwa kuwa mwanamke anayetoka hedhi nzito anaweza kuwa na damu ya kutosha huku akiba imekauka, tezi la shingo, virusi vya UKIMWI, na kaswende, ambayo huzinyofoa nywele hapa na pale mpaka kichwa kikaonekana kimetafunwa. Kabla ya kwenda maabara taja vidonge vya nywele unavyomeza. Vingi vina baiotini kwa wingi, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba vitamini hiyo inaweza kupotosha baadhi ya vipimo, vikiwemo vinavyotumika kutambua shambulio la moyo. Asiye na upungufu wa baiotini, na wenye upungufu huo ni wachache sana, hapati kitu zaidi ya mkojo wa gharama kubwa.

Kuna upara mwingine ambao tunajiletea wenyewe, tukiwa tumekaa kwenye stuli ya saluni, na tunaulipia. Nywele zikivutwa muda mrefu shina huvimba, hudhoofika, na mwisho hufa. Mwaka 1907 daktari aliyeitwa Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland walioota vipara pembezoni mwa kichwa kwa sababu ya kukaza nywele zao fundo moja juu. Kwa hiyo jambo hili halikuanza na wivingi. Lakini sisi tumelikuza. Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walipochunguza vichwa vya watu wazima Afrika Kusini, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, walikuta karibu theluthi moja ya wanawake wana alama za upara wa kuvutwa. Wanaume walikuwa kama wawili katika kila mia. Tofauti hiyo haikutoka kwenye damu wala kwenye maji ya bomba. Imetoka kwenye mikono ya wasusi na matakwa ya wateja.

Mazungumzo yenyewe tunayajua. "Dada, hapa mbele inaniuma." "Vumilia shosti, kesho italegea." Na kweli hulegea, kwa kuwa shina limeshaachia. Msusi naye ana hesabu zake. Akisuka kwa mkono mwepesi, twende kilioni zitaanza kufumka wiki ya pili na mteja atarudi kudai. Akikaza, mtindo unakaa mwezi mzima na sifa inaenea mtaani. Bei ya mtindo mgumu kulegea hulipwa na ngozi ya mbele na ya mapanja, ambako nywele ni nyembamba tangu kuzaliwa na ndiko mkono wa msusi unakoanzia.

Maumivu hayo ni taarifa, na taarifa hiyo ina saa. Kama huwezi kuinua nyusi bila kuvutika, kama unameza Panadol ili ulale, kama asubuhi unakuta vipele vidogo vyenye usaha vimejipanga kwenye mstari wa paji, fumua siku hiyohiyo. Pesa imeshakwenda, usiongezee na nywele. Ninajua si rahisi kumwambia hivyo aliyekaa saa saba kwenye stuli na ana harusi Jumamosi.

Hatari kubwa zaidi iko kwa anayetia dawa ya kulainisha kisha akasukia juu yake. Dawa imeshazilegeza nywele, rasta zinakuja na uzito wake, na kila siku ya kuinamisha shingo kazini inaongeza kuvuta. Tenganisha mambo hayo kwa wiki mbili walau. Misuko minene ni salama kuliko myembamba, mifupi ni salama kuliko ile ya kufika makalio, na nywele za mbele kabisa, zile laini, ziachwe nje ya msuko hata kama mtindo utaonekana haukukamilika. Gundi ya wigi huzing'oa siku ya kuibandua. Wanaovaa hijabu husingizia kitambaa, ilhali mara nyingi kinachovuta ni fundo la nywele lililokazwa chini yake, mahali palepale kila siku.

Alama ya upara wa kuvutwa ni rahisi kuitambua: mstari mwembamba wa nywele fupi umebaki mbele, na nyuma yake kuna uwazi. Wengi watakwambia wamezaliwa na paji kubwa. Tafuta picha ya kidato cha pili, ulinganishe. Katika hatua za mwanzo nywele hurudi kabisa kuvuta kukikoma; dawa ya kupaka ya minoxidil huweza kusaidia, na sindano za steroidi hutuliza uvimbe ukiwepo. Baada ya miaka kumi ya kukaza, vitundu vimefutika na kinachobaki ni kupandikiza nywele, kazi ya gharama isiyomfaa kila mwenye ngozi inayoota makovu makubwa.

Upara wa utosini kwa wanawake unanitia wasiwasi zaidi kuliko wa mbele, kwa sababu hakuna anayeutazama. Huanza katikati ya kichwa, sehemu ndogo, ukaenea kwa duara kwenda nje. Mwenye nao huhisi kuwashwa, kuungua au maumivu akigusa. Wengine hawahisi kitu. Husema ni umri. Madaktari wa Marekani waliuelezea mwaka 1968 na wakalitwisha lawama chanuo la moto. Baadaye wakapatikana wagonjwa ambao hawakuwahi kulitumia. Mwaka 2019 watafiti wakaripoti kwamba karibu robo ya wanawake wenye ugonjwa huo waliowapima walikuwa na mabadiliko kwenye jeni ya PADI3, inayohusika na kuujenga unywele wenyewe. Kwa hiyo muulize mama, muulize na shangazi: utosi wao ukoje chini ya kilemba? Kama jibu linakukaribia, usisubiri duara lifike ukubwa wa kiganja. Huu ni upara wa kovu. Daktari anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi, kisha akakupa steroidi za kupaka au za sindano, na doxycycline, ambayo hapa kazi yake ni kutuliza uvimbe, si kuua vijidudu. Lengo ni kuusimamisha ulipo. Anayekuahidi kurudisha zote anakudanganya.

Wanaume nao wana lao kisogoni. Vipele vigumu hutokea chini ya mstari wa nywele, vinawasha, baadaye huungana na kuwa vinyama vinavyong'aa. Kinyozi ndiye hulaumiwa kwa mashine chafu, na wateja huhama saluni moja hadi nyingine wakimwaga spiriti. Spiriti inaunguza bure. Kinachoanzisha mara nyingi ni kunyoa kwa kugusa ngozi: unywele uliojikunja hukatwa kwa pembe kali, ukikua huchoma ngozi pembeni, mwili unaushambulia, kovu linajengeka. Mwambie kinyozi aweke kitana kwenye mashine, aache milimita chache, na asichonge mstari wa nyuma kwa wembe. Kola ngumu za shati na kofia zinazosugua huzidisha. Vikiwa vidogo, dawa za kupaka hutosha. Vikishakuwa vinyama, ni sindano au kisu. Usafi wa mashine bado ni muhimu kwa sababu nyingine, maana palipotoka damu panaweza kupitisha homa ya ini.

Upara wa kawaida wa kiume, wa mapanja na utosi, una maelezo yaliyonyooka. Mwaka 1942 James Hamilton wa Marekani aliandika kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuota vipara, lakini waliopewa homoni ya kiume walianza kuota, endapo ukoo wao ulikuwa na vipara. Homoni na urithi, pamoja. Shina halifi kwa kovu; hunywea kidogo kidogo mpaka unywele unakuwa kama manyoya ya mtoto mchanga. Wanawake nao huupata, kwao ni mwanya wa katikati unaopanuka huku mstari wa mbele ukibaki.

Dawa zake mbili kubwa zilianzia kwenye magonjwa mengine. Minoxidil ilitoka Marekani mwaka 1979 kama kidonge cha shinikizo kali la damu, na wagonjwa wakaanza kuota nywele mahali wasipotaka. Ya kupaka ikaidhinishwa mwaka 1988. Finasteride ilikuwa ya tezi dume tangu 1992, kisha dozi ndogo ikaidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Zote mbili zinadai uvumilivu wa miezi minne hadi sita, minoxidil huweza kuzidondosha nywele zaidi wiki za mwanzo, na ukiacha, ulichopata kinaondoka. Finasteride hupunguza hamu na nguvu za kiume kwa baadhi ya watu. Mjamzito asiimeze, na asishike kidonge kilichopondwa. Tena hushusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu, jambo ambalo mzee anayepimwa tezi dume lazima amwambie daktari wake.

Wengi hawatibu, na sioni kosa. Kipara kwetu hutaniwa kuwa ni dalili ya pesa. Utani huo una upande wa giza, kwa kuwa Juni 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wanaume wenye vipara baada ya mauaji wilayani Milange, mkoa wa Zambezia, yaliyotokana na imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu.

Imani hukutana na kichwa mahali pengine pia. Mtu analala mzima, anaamka na duara tupu lenye ukubwa wa sarafu, laini kabisa, na jirani anasema amenyolewa na wachawi usiku. Huo ni ugonjwa wa kinga: askari wa mwili wamelishambulia shina kimakosa. Takriban watu wawili katika kila mia huupata wakati fulani maishani. Tazama vitundu, utavikuta vyote. Kiraka kimoja au viwili mara nyingi huota tena ndani ya mwaka, na sindano za steroidi huharakisha. Unapoenea kichwa kizima hadi nyusi, safari ni ndefu. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha vidonge vya baricitinib kwa hali kali, ingawa bei yake haijashuka kufikia mfuko wa kawaida. Kitunguu, ambacho kimeenea mitandaoni kwa kila upara, kilijaribiwa Baghdad kwenye utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2002, na ulikuwa wa wagonjwa wa viraka hivi tu. Mwenye mapanja ya urithi akijipaka atapata harufu.

Kuhusu mba nitasema jambo moja ambalo litawaudhi wasusi. Acheni kumimina mafuta juu yake. Magamba yanaonekana makavu, lakini ngozi hiyo haijakauka. Kuna hamira iitwayo Malassezia inayoishi kwenye vichwa vyetu sote na chakula chake ni mafuta. Ukipaka grisi magamba yanalala, kichwa kinapendeza jioni hiyo, na hamira inapata karamu. Tumia shampuu ya ketoconazole au ya selenium sulfide, iguse ngozi, ikae dakika tano, ndipo usuuze. Mara moja kwa wiki inatosha kwa nywele zetu kavu. Mafuta yapakwe kwenye nywele zenyewe. Mba mkali ulioshuka hadi kwenye nyusi na pembe za pua, kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nao, ni sababu ya kupima virusi vya UKIMWI.

Mapunye ni ya watoto zaidi, lakini mama au bibi anayemhudumia mtoto mwenye mapunye anaweza kuyapata. Fangasi huyo amejificha ndani ya unywele, mahali ambapo krimu haifiki; hutibiwa kwa vidonge vya griseofulvin au terbinafine kwa wiki kadhaa, na watoto wa nyumba wachunguzwe siku hiyohiyo. Balaa ni ile mirija midogo ya clobetasol inayouzwa bila cheti. Inaondoa muwasho kwa siku tatu huku fangasi akijitanua.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache, lakini si lazima uanzie kwa bingwa. Chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wengi wao wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Uliza kliniki ya ngozi iko siku gani. Nenda ukiwa umefumua, umeosha kichwa, hujapaka kitu, kwa sababu hakuna anayeweza kuona vitundu chini ya rasta na grisi. Chukua chupa na mirija yote uliyotumia, hata ile unayoionea aibu, na picha ya zamani inayoonesha paji. Andika tarehe ya homa, ya uzazi au ya msiba wa miezi minne iliyopita. Daktari akikuambia uvae wigi tu bila kukugusa kichwa, omba akutazame kwa taa.